Kila Mtu Nyumbani Kwetu ni Daktari wa Kuku

Mwenzangu unayefuga kuku uani, na hasa wewe ambaye kuku ni wa mkeo na kazi yako ni kubeba magunia, kaa hapa nikusimulie. Najua utanielewa. Nyumba nyingine hugombania rimoti. Kwetu Kibaha tunagombania kitakachotiwa kwenye maji ya kuku.

Kuku ni wa Mama Neema. Alianza na mkopo wa kikoba, akajenga banda nyuma ya jiko, akaweka kuku wa mayai, na tangu walipoanza kutaga ada za shule zimekuwa na pa kutokea. Kwa hiyo banda lile tunaliheshimu. Tatizo ni kwamba linaheshimiwa na watu wengi mno, na kila mmoja ana dawa yake.

Wa kwanza ni mama mkwe wangu, aliyekuja kututembelea kutoka Kongwa akakaa, nasi tukashukuru kukaa kwake. Wajukuu wanamwita Bibi Mlonge, kwa sababu hakuna ugonjwa duniani, wa mtu wala wa mnyama, ambao hajauandikia mlonge. Wa pili ni shemeji yangu, mdogo wake Mama Neema. Huyu ni Shemeji Vidonge. Hawezi kupita mbele ya duka la dawa za mifugo akatoka mikono mitupu. Wa tatu ni kitindamimba wetu, Katibu, mwenye daftari la kuku ambamo huandika mayai ya kila siku, kuku aliyekohoa, na mtu aliyeacha mlango wa banda wazi. Jina langu limo humo mara nyingi kuliko ninavyopenda.

Vurugu ilianza kwa muuza chips wa barabarani. Huyu huchukua trei zake kwetu, na ni mtu mpole. Siku hiyo alikuja amekunja uso. "Mama Neema, mayai yako yanapasukia mkononi kabla sijafika kwenye kikaango." Kabla Mama Neema hajajibu, Katibu alitokea bandani na yai kiganjani. Halikuwa na ganda kabisa. Lilivikwa utando mweupe tu, lina joto bado, linatikisika. Ukilibonyeza kwa kidole linabonyea, ukiachia linarudi taratibu. Muuza chips akalitazama, akachukua trei moja badala ya tatu, akaondoka.

Jioni hiyo hiyo matibabu yakaanza.

Bibi Mlonge alitwanga majani ya mlonge na vitunguu swaumu, akakamulia shubiri, akamimina vyote kwenye maji ya kuku. Alisema itawakinga na kideri pia, hivyo tumepata faida mbili. Mimi sina ugomvi na mlonge. Majani yake yana protini na vitamini A, na yakikaushwa kivulini yakachanganywa kidogo kwenye chakula huongeza rangi ya kiini. Kwetu hilo ni jambo kubwa, maana mahindi yetu meupe hayatoi kiini cha njano, na wateja wa mjini wanakitaka. Ila maji yale yalikuwa machungu. Kuku wakachovya midomo, wakatikisa vichwa, wakaenda kusimama kivulini. Na kuku wa mayai hunywa maji yanayokaribia mara mbili ya uzito wa chakula anachokula, kwa sababu robo tatu ya yai ni maji. Asipokunywa, hatagi. Daftari la Katibu likaanza kuonyesha mayai yanapungua, na yale machache yaliyotoka yalikuwa laini vile vile.

Ikawa zamu ya Shemeji Vidonge. Alirudi na unga wa njano kwenye pakiti, akasema ni vitamini za kutagisha. Akautia kwenye maji mapya bila kumuuliza mtu, huku anapiga mluzi. Ni Katibu aliyeokota pakiti tupu, akasimama mlangoni, akasoma maandishi ya nyuma kwa sauti ile ya kusomea risala. Ndani ya zile vitamini kulikuwa na antibiotiki. Na chini kabisa, kwa herufi ndogo, ilikuwa imeandikwa kuwa mayai yasiliwe na binadamu wakati kuku wanapewa dawa, wala katika siku kadhaa baada ya dozi kwisha.

Nyumba nzima ikanyamaza. Kwenye meza kulikuwa na mayai ya kuchemsha ya chai ya jioni.

Hapa nitakuomba tusimame kidogo, maana jambo hili linaniuma. Yai la kuku aliye kwenye dozi hubeba mabaki ya dawa. Anayelila anameza dawa asiyoihitaji, kidogo kidogo, na matumizi ya ovyo ya namna hii ndiyo yanayozoesha vimelea usugu, hata siku mtoto akiugua kweli dawa ile ile inashindwa. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku antibiotiki za kukuzia mifugo kuanzia Januari 1, 2006. Kwetu pakiti inauzwa na maandiko yake yapo, ila nani anasoma? Nyumba yetu ilikuwa na Katibu. Nyumba nyingi hazina.

Mama Neema hakupiga kelele. Alichukua jembe, akachimba shimo nyuma ya mpapai, na mayai yote ya kipindi kile yakaingia shimoni, siku baada ya siku, mbele ya macho yetu. Muuza chips aliambiwa ukweli na akangoja. Shemeji ndiye aliyepewa kazi ya kufukia. Katibu alifungua ukurasa mpya akaandika juu yake: "Mayai ya Shimo."

Ungedhani tumepumzika. La. Bibi Mlonge alikuwa amekuja na gunia la mahindi kutoka shambani kwake, zawadi kwetu, na lilipofika lilikuwa limelowa chini. Tulipolifungua, punje za chini zilikuwa na ukungu wa kijani. Bibi akasema maneno ambayo nadhani yamesemwa katika kila nyumba ya nchi hii: "Haya wapeni kuku, kuku hula chochote."

Sasa wewe mwenzangu unajua ugumu wa kukataa zawadi ya mama mkwe. Mimi nilitazama dari. Kazi ile ilimwangukia binti yake mwenyewe. Mama Neema alimketisha mama yake kwenye mkeka, akamweleza habari za sumukuvu. Ukungu ule huacha sumu isiyoisha kwa kukaangwa wala kupikwa. Huharibu ini la kuku, hushusha kinga yake hata chanjo isishike vizuri, na kiasi chake huweza kupenya hadi kwenye yai. Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa chakula chenye mashudu ya karanga yaliyokuwa na sumu hiyo. Na si bata mzinga tu: Kenya mwaka 2004 ilizika watu 125, na kwetu mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara. Bibi alikuwa Kongwa mwaka huo, na habari zile alizisikia kwa karibu kuliko sisi sote. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akainuka, akaomba kiberiti, akaenda kuyachoma mahindi yake mwenyewe. Siku ile nilimpenda zaidi mama yule.

Hatimaye, baada ya kila daktari wa nyumbani kujaribu, Mama Neema alimwita bwana mifugo. Hakutazama kuku kwanza. Aliomba aletewe gunia la chakula. Akasoma karatasi iliyoshonewa mdomoni mwa gunia, akamwonyesha Mama Neema kwa kidole. Kuku wanaotaga walikuwa wanalishwa chakula cha kukuzia.

Chakula cha kukuzia kina kalsiamu karibu asilimia 1, na kuku anayetaga anahitaji kama asilimia 3.5 hadi 4. Ganda la yai karibu lote ni kalsiamu kaboneti, na ndani yake mna kalsiamu kama gramu 2. Kuku hulijenga kwa saa kama 20, sehemu kubwa akiwa amelala. Chakula kisipotosha, anachota kwenye mifupa yake mwenyewe, na akiendelea hivyo miguu hulegea akashindwa kusimama. Vitamini D husaidia mwili kuchukua kalsiamu, lakini haiwezi kuchukua kisichokuwepo. Ukigeuza ukawapa vifaranga chakula cha wanaotaga, unawaharibu figo kwa kalsiamu iliyozidi. Bwana mifugo alimgeukia Bibi pia, kwa heshima zote: kideri ni virusi, hakizuiwi na shubiri, kinazuiwa na chanjo.

Mnunuzi wa magunia nyumbani kwetu ni Shemeji Vidonge. Gunia la kukuzia lilikuwa na bei nafuu. "Kwani chakula si chakula?" aliuliza. Dada yake alimtazama, akammiminia chai. Ndivyo kesi zinavyoisha kwetu.

Usiku ule mezani, Neema, binti yetu mkubwa aliye sekondari, alitoa kisa. Ukimpa Neema nafasi ya kusimulia, wali unapoa, lakini hiki kilistahili. Mwishoni mwa karne ya 19, daktari Mholanzi Christiaan Eijkman alikuwa Batavia, mji unaoitwa Jakarta leo, akitafuta chanzo cha ugonjwa wa beriberi. Kuku wake wa maabara wakalegea miguu. Alitafuta vimelea asivione. Kumbe kuku wale walikuwa wanalishwa makombo ya wali mweupe kutoka jiko la hospitali ya jeshi. Akaja mpishi mpya, akakataa wali wa jeshi kupewa kuku wa kiraia. Wakarudishiwa mchele usiokobolewa, na kuku wakapona. Kilichokosekana kilikuwa kwenye pumba, na leo tunakiita vitamini B1. Eijkman alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1929, pamoja na Frederick Gowland Hopkins. "Kwa hiyo," Neema akahitimisha, "kuku wale hawakuhitaji kuongezewa dawa. Walihitaji kurudishiwa walichonyang'anywa." Bibi akasema mpishi yule alikuwa mchoyo mwenye baraka.

Asubuhi yake Shemeji, kwa moyo wote wa kutubu, alileta mfuko wa chokaa. Chokaa ya kupaka ukuta! Mama Neema alimzuia mlangoni mwa banda kwa ufagio. Chokaa ya mifugo ni jiwe la chokaa lililosagwa. Ya ujenzi imechomwa, na inaunguza. Mfuko ule umepaka ukuta wa choo, na umependeza.

Suluhisho la kweli lilikuja na gunia sahihi, pamoja na kinu. Bibi Mlonge sasa ndiye mkuu wa maganda. Anatwanga maganda ya konokono wa baharini, lakini hayafanyi unga. Anaacha vipande vya ukubwa wa nusu punje ya hindi, maana vipande hivyo hukaa ndani ya firigisi na kuyeyuka polepole usiku, wakati ganda linapojengwa. Anawawekea jioni kwenye chombo cha peke yake. Ukisimama karibu unasikia wanavyovidona, ko ko ko, na kila kuku huchukua anachohitaji. Muuza chips amerudia trei zake tatu.

Na bado usifikiri tumetulia. Jana Shemeji ameniuliza pembeni kama nimesikia habari za unga mpya wa kuongeza uzito wa yai. Ufunguo wa stoo ya chakula anao Mama Neema, shingoni, na hata mimi simwombi.

Basi nakusihi, mwenzangu. Kuku akikupa dalili, usianze na duka la dawa. Soma karatasi ya gunia, tazama maji, muulize bwana mifugo kinachokosekana ni nini, kisha ongeza hicho tu. Chenye ukungu kichome, hata kama ni zawadi. Na yai la kuku aliye kwenye dozi lisifike kwenye sahani ya mtoto, awe wako au wa jirani.