Ukuta Wangu, Upande Wake

Nyumba yangu ina kuta nne. Tatu zimepigwa lipu na rangi juu. Wa nne uko uchi, matofali nje, na kila masika maji yanapenya hadi chumba cha watoto. Sababu ni kwamba fundi akitaka kusimamisha mirunda upande ule, itabidi aisimamishe uani kwa jirani. Mwenye nyumba wa kwanza alijenga mpaka akaumaliza mpaka, na katika mitaa yetu ya Dar es Salaam hiyo wala si habari.

Jirani hakatai. Angekataa ningejua moja. Yeye husema, "Njoo kesho, jirani." Kesho geti limefungwa na mbwa kafunguliwa. Keshokutwa ana msiba. Wiki inayofuata shemeji kaanika dagaa, vumbi la saruji litawaharibu. Na ndiye huyo huyo anayewaambia wageni wake, kwa sauti ya kunifikia, kwamba ukuta wangu unamtia aibu! Anayekerwa na matofali ni yeye, anayeficha ufunguo ni yeye.

Binamu yangu anayeishi England alinicheka kwenye simu. Kule wana sheria ya mwaka 1992 kwa ajili ya kero hii hii: jirani akigoma, unakwenda mahakamani, naye anaamriwa akupishe utengeneze ukuta wako au uzibue bomba lako. Ukimharibia bustani, unalipa.

Sisi je? Sheria yetu ya Ardhi ya mwaka 1999 inawaruhusu majirani kupeana haki ya mmoja kutumia ardhi ya mwenzake kwa jambo fulani. Kupeana! Yaani nirudi kwa yule yule wa "njoo kesho" nikamwombe saini. Tukishindwana, lipo Baraza la Kata, ambalo tangu 2021 halihukumu, linasuluhisha tu. Siku 30 zikipita bila suluhu, ndipo unapanda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Siku 30 za kununiana na mtu anayetuletea pilau kila Idi!

Mwenyekiti wa mtaa alinishauri nianze na kreti la soda. Nikapeleka. Soda zilipita getini bila tatizo lolote. Aliyebaki nje ni fundi. Nami siwezi kuruka ukuta usiku na ndoo ya saruji, maana nitaitiwa mwizi kabla sijashika mwiko.

Basi wewe unayetaka kununua nyumba mwaka huu, kabla hujasifia vigae, izunguke yote kwa miguu. Ukiona huwezi kuimaliza bila kupiga hodi kwa mtu, ama shusha bei, ama andikishaneni na huyo jirani mbele ya mashahidi siku hiyo hiyo, akiwa bado anakuchekea.