Jinsi ya Kuwa Msanii Nyaramba na Bado Upewe Chai

Kabla ya kutafuta kamera, tafuta jibu. Likizo hii utaulizwa unasomea nini, na watakaouliza ni wengi: mjomba aliyekuja kutoka Kericho, mwalimu wako wa darasa la nane, mama anayeuza ndizi sokoni, na mzee wa kanisa ambaye alishakuombea uwe daktari na bado hajaondoa ombi. Ukijibu "usanifu", watataka kujua ni wa nyumba au wa nguo. Usinune wala usitoe mhadhara. Toa simu, waonyeshe kitu kimoja ulichotengeneza, kimoja tu, kilicho kizuri. Kwetu mtu hanunui ng'ombe kwa kusikia sifa zake.

Ukishapewa kikombe cha chai, anza kazi. Miongozo mingi ya wasanii chipukizi huanza na bei ya lenzi na kuishia Nairobi. Nairobi kuzuri, nenda. Nenda ukaone miwani anayoiunda Cyrus Kabiru kwa vyuma na mabaki ya jijini, uone mtu anavyoweza kuokota mtaa mzima akauvaa usoni. Lakini chuo kitafungwa, utarudi kwenye vilima vya majani chai vya Nyamira, na hapo ndipo kamera nyingi hulala kabatini eti hakuna cha kupiga. Nakataa katakata. Yote unayofundishwa darasani, mwanga, mpangilio, rangi na herufi, yako Nyaramba, na yana watu wanaoyahitaji wiki hii. Mwanafunzi anayeshindwa kumpiga nyanya yake picha nzuri hataweza kumpiga mwanamitindo yeyote.

Hatua ya kwanza ni kuamka. Tuko karibu mno na ikweta, na jua letu hupanda karibu wima. Ule mwanga laini wa asubuhi haukawii. Kufikia saa tatu umeshakuwa mkali. Kwa hiyo uwe shambani saa kumi na mbili na nusu pamoja na wachumaji, ukungu ukiwa bado umelala mabondeni. Ukungu ni zawadi. Unaficha nyaya za umeme na kuvipanga vilima tabaka kwa tabaka: kilicho karibu kijani kizito, kinachofuata kijivu, cha mwisho karibu cheupe. Ila kamera haiujui. Ikiona weupe mwingi hudhani mwanga umezidi, inaupunguza, na asubuhi yako inatoka na rangi ya majivu. Iongezee mwangaza kidogo wewe mwenyewe. Kwenye simu nyingi unagusa kioo kisha unasukuma juu ile alama ya jua.

Kuhusu wachumaji wenyewe: salimia kwanza, kamera ikiwa bado mfukoni. "Bwakire." Subiri uitikiwe. Mchumaji analipwa kwa kilo, na kilo hujazwa kwa majani mawili na kichipukizi, majani mawili na kichipukizi, asubuhi nzima. Ukimsimamisha atabasamu, umemgharimu. Mwache aendelee, wewe ndiye utembee. Shuka mistari miwili chini yake ili vidole vyake viwe juu ya upeo wa macho yako, na mbingu iwe nyuma yavyo. Akienda kupima majani kituoni, mbebee kikapu. Hiyo ndiyo kodi ya studio, na ilipe bila kuombwa.

Saa sita pumzisha kamera ya nje. Jua la utosini huwachimba watu macho na kuwapaka kivuli chini ya pua, hata bibi harusi. Huo ndio wakati wa kwenda jikoni kwa nyanya.

Jiko la nyanya ni studio bora kuliko nyingi zinazokodishwa kwa saa. Moshi wa miaka mingi umeupaka ukuta weusi usiorudisha mwanga hata chembe, na hakuna duka linalouza pazia kama hilo. Mwanga unaingia kwa mlango mmoja tu. Weka kigoda hatua moja ndani ya mlango. Si kizingitini, ambako jua litamgusa goti na kumfanya akunje uso; wala si ndani kabisa, ambako macho yake yatazima. Hatua moja. Wewe simama nje, ubavuni mwa mlango, usimzibie mwanga. Mwombe ageuze bega kidogo ili shavu moja lipate mwanga na la pili libaki na kivuli chake. Ikiwa uwanja mbele ya mlango ni udongo mwekundu uliofagiliwa, udongo huo utarusha mwanga wa joto hadi chini ya kidevu, nao mwanga huo hauuzwi popote. Zima flashi. Kisha gusa uso wake kwenye kioo, kwa sababu kamera ikiona weusi wote ule nyuma yake itaongeza mwanga mpaka paji la uso liungue. Ipime kwa uso, si kwa ukuta.

Rangi ya ngozi yake ilinde kwa nguvu zako zote. Kwa miongo kadhaa maabara za picha duniani zilipima rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, ile kadi ya Shirley ya Kodak, na ngozi nyeusi ikatoka imepotea rangi, meno na macho tu yakionekana. Filamu zile zimekwisha, lakini simu nyingi bado hulainisha na kung'arisha uso bila kuulizwa. Kitafute kitufe hicho ukizime. Magokoro, yaani nyanya yako, aliipata mikunjo ile kihalali, mmoja mmoja, na wewe huna ruhusa ya kuifuta.

Atakwambia, "Subiri nikabadilishe nguo, mjukuu wangu." Subiri. Atatoka na kitambaa cha kanisani na sweta ya siku za wageni, atakaa wima, mikono magotini, na hatacheka. Piga picha hiyo kwa heshima zote, maana ndiyo anayoitaka yeye. Halafu usiondoke. Muulize ile ekee, kikapu cha ugali, iliyotundikwa pale juu ilisukwa na nani, na ni nani aliyekuwa wa kwanza kupakuliwa humo ugali wa wimbi. Atasimama aishushe, aigeuze, akuonyeshe kidole kinapita wapi na mahali msukaji alipobadilisha rangi. Hapo piga tena. Sasa unazo picha mbili za mtu mmoja, na zote ni za kweli.

Nimekaa mlangoni pale kwa sababu. Kazi ya usanifu inayosomwa kwa makini kuliko zote katika Gusii, kwa maoni yangu, ni programu ya mazishi. Bango la mwanasiasa hubanduliwa na mvua. Programu husomwa mstari kwa mstari na watu walio chini ya hema, hubebwa nyumbani, huwekwa ndani ya Biblia na kukaa humo miaka. Na jalada lake? Mara nyingi mno ni kichwa kilichokatwa kutoka picha ya harusi ya mtu mwingine, bega la jirani likiwa bado linaonekana, au kopi ya kitambulisho iliyokuzwa mpaka mtu akawa vijiraba. Mtu amelima, amesomesha, amezika na amelea, na siku ya kumuaga hatuna picha hata moja iliyopigwa kwa kumtafuta yeye. Jambo hili linaniuma, na wewe mwenye kamera unaweza kulimaliza katika boma lenu kwa likizo moja. Wazungukie wazee wote wa ukoo wakiwa wazima na wenye hadithi. Usitaje mazishi. Taja ekee.

Na simu ikipigwa usiku, uambiwe programu inatakiwa kesho kufikia saa nne, usiseme hiyo si sanaa. Keti. Waombe picha itumwe kama faili, kwa kuwa WhatsApp ikiituma kama picha huibana na kuila. Kama iliyopo ni ya karatasi, itoe kwenye fremu, iweke karibu na dirisha, kivulini, simu iwe sambamba nayo, na flashi usiiguse. Chagua fonti moja iliyotulia. Herufi zenye mikia na maua ziachie keki. Maandishi yawe makubwa kiasi cha kusomwa na mzee aliyesahau miwani, maana wazee ndio watakaoyasoma. Halafu majina. Yaangalie mara mbili pamoja na mtu wa familia, wajukuu wote, wakwe wote, na kila alama ya ng' mahali pake: Ong'era asiye na alama yake atakuwa na neno nawe kaburini, na atakuwa na haki. Ukiweza kupanga kurasa nane usiku mmoja, pasipo mtu kuachwa na pasipo picha kunyooshwa upana, umefaulu mtihani ambao hakuna mhadhiri anayeweza kuutunga.

Kazi hizi ndogo zimewahi kujenga makubwa. Zanzibar, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930. Alikuwa mpiga picha wa Sultani, lakini mlango wake ulikuwa wazi pia kwa watu wa mtaani waliotaka picha zao, na leo anayetaka kuiona Zanzibar ya zamani anaenda kwenye hazina ya studio hiyo. Lamu, Omar Said Bakor alijifundisha mwenyewe upigaji picha, akafungua studio, akawa anakata na kuunganisha picha za wateja wake kwa ustadi uliokuja kuzungumziwa ng'ambo, zamani sana kabla ya programu za kompyuta unazohangaika nazo. Hakungoja mji mkubwa. Wateja wake walikuwa majirani zake.

Siku ya Jumamosi ina sheria zake. Sehemu kubwa ya watu wetu ni Waadventista, na Sabato ndiyo siku ambayo kijiji kizima kimepiga pasi. Suti, magauni, watoto waliopakwa mafuta mpaka viwiko. Utatamani kufungua biashara langoni mwa kanisa. Usifungue. Ibada ikiendelea, kamera ilale. Wakitoka, ukiombwa, piga, ila bei isitajwe na pesa isipokelewe. Hayo ni ya Jumapili. Mzee wa kanisa anaangalia, na ni yule yule aliyekuombea uwe daktari.

Mara moja kwa likizo, safiri. Pita Kisii mjini, nenda Tabaka kwenye jiwe la Kisii. Wengi hupiga picha ya vinyago vilivyopangwa mezani, wakarudi. Wewe nenda nyuma, kwenye maji. Huko kina mama wamekaa na beseni, wanasugua jiwe kwa msasa likiwa limelowa, na kila likitumbukizwa rangi yake halisi hutokea ghafla, waridi au kijivu chenye mishipa, kisha linakauka na kurudi kuwa unga mweupe. Keti hapo uchore kwa penseli, usipige picha kwanza. Kisha tazama wanaochora nakshi: kinyago kimepakwa rangi nyeusi, na mkono wenye ncha kali unakwangua mpaka weupe wa jiwe utokee. Mstari unapatikana kwa kuondoa. Nenda nyumbani ujaribu hivyo kwenye bango lako linalofuata, uanze na ukurasa uliojaa, uondoe. Elkana Ong'esa ni mtu wa Tabaka. Sanamu yake ya ndege wa amani imesimama makao makuu ya UNESCO jijini Paris. Nunua kitu, hata kibakuli kidogo, na usipunguze bei kwa aliyesugua tangu alfajiri.

Pesa zako mwenyewe pia zina heshima. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inailinda picha kwa miaka 50. Lakini kuna kifungu ambacho wanafunzi wengi hawakijui: kazi ukiagizwa na mtu, hakimiliki huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Kwa hiyo kubalianeni, hata kwa ujumbe mfupi wa simu: yeye atatumia wapi, wewe utabaki na nini, nusu ya malipo inakuja lini. Familia ya marehemu fanyia bure ukitaka. Mwenye hoteli anayetaka bango la chapati alipe, tena kabla ya chapati.

Mwisho ni mvua. Mchana ukielekea jioni itanyesha, na unyevu wa vilima hivi huotesha kuvu ndani ya lenzi. Utaiona siku moja kama nyuzi nyembamba nyuma ya kioo, na fundi atakupa bei ya kukuliza. Hifadhi kamera kwenye chombo cha plastiki chenye kifuniko kinachobana, pamoja na vile vifuko vidogo vya chembechembe vinavyokuja ndani ya boksi la viatu. Waambie ndugu zako wote wakuwekee.

Na picha usiziache kwenye simu. Simu huibwa, huanguka chooni, hujaa. Kila mwisho wa likizo chagua kumi zilizo bora, zisafishe kwenye karatasi ya picha, nakala mbili mbili: moja yako, moja ya aliyepigwa. Nyuma andika kwa penseli jina lake kamili, la baba yake, mahali na tarehe. Kampelekee mwenyewe kwa mguu. Akisema ametoka mwembamba, rudi kesho saa sita umpige nyingine.