Mhadhara Adhimu Kuhusu Diklofenaki, Sultani wa Vidonge

Diklofenaki ni dawa ya kutuliza maumivu na kupunguza uvimbe, iliyobuniwa katika maabara za kampuni ya Ciba-Geigy ya Uswisi na kuingia sokoni katika miaka ya 1970, nayo imo katika ukoo mmoja na aspirini na ibuprofeni, ukoo ambao wataalamu huuita dawa za uvimbe zisizo za steroidi, yaani zisizofanya kazi kwa njia ya homoni kama kotisoni. Mada nzito kama hii haiwezi kuachiwa wafamasia, ambao wameisomea tu. Yastahili bingwa aliyebobea, ambaye shahada yake ya uzamivu ilitolewa na jopo la mtu mmoja, yaani bingwa mwenyewe, baada ya jopo hilo kuridhika pasipo upinzani kwamba amesoma kikaratasi cha ndani ya boksi pande zote mbili, ukiwemo ule wa maandishi madogo ambao walimwengu wengine huutumia kufungia ugoro.

Ieleweke kwanza kwamba sehemu ya mwili inapoumia, siklooksijenezi, ambayo ni kimeng'enya, yaani protini inayochochea mabadiliko ya kikemia, huzalisha prostaglandini, kemikali zinazoleta uvimbe, kupandisha homa na kuzifanya neva zihisi maumivu kwa ukali zaidi. Diklofenaki hukizuia kimeng'enya hicho. Mwaka 1971 Mwingereza John Vane alionyesha kwamba aspirini hufanya kazi kwa njia hiyo, akawa miongoni mwa waliotunukiwa Tuzo ya Nobeli mwaka 1982. Bingwa wa mhadhara huu alifikia hitimisho lilelile kwa juhudi zake binafsi, akiwa amelala kifudifudi kwa ajili ya kiuno, ila barua kutoka Stockholm ingali njiani.

Matumizi halali ya dawa hii ni baridi yabisi, maumivu ya mgongo, viungo vilivyoteguka, maumivu ya hedhi na yale makali ya mawe ya figo. Hata hivyo, wanazuoni wa kijiweni wameupanua uwanja huo, wakayagawa maradhi yote ya binadamu katika makundi mawili, yaani yanayopona kwa diklo moja na yanayohitaji mbili, bila kujishughulisha na jambo dogo kwamba dawa hunyamazisha maumivu pasipo kugusa chanzo chake, hivyo jino lililooza huendelea kuoza, safari hii kwa amani. Dukani, taratibu za kisayansi hutimizwa kwa mkasi: muuzaji hukata vidonge sita, upande wenye tarehe ya mwisho wa matumizi ukabaki kwenye kabati, akavitia katika kibahasha na kuandika 1×3, fomula ambayo uzuri wake umo katika kutomuuliza mteja swali lolote.

Maswali hayo, kwa bahati mbaya, yapo. Prostaglandini zizo hizo zinazoleta maumivu ndizo zinazochochea ute unaoukinga ukuta wa tumbo dhidi ya asidi, na ndizo zinazosaidia kuiweka wazi mishipa inayopeleka damu kwenye figo, kwa hiyo anayezizuia kiunoni huzizuia na huko. Ndipo hutokea vidonda vya tumbo na kuvuja damu, hasa kwa wazee na kwa wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda, na figo kudhurika, hasa kwa aliyeishiwa maji mwilini. Wapo wanaodai kwamba sindano hulikwepa tumbo. Hoja hiyo ni maridadi, ila damu haijaisikia, maana ndiyo inayoifikisha dawa kwenye ukuta wa tumbo. Aidha, anayeongeza ibuprofeni juu ya diklofenaki huongeza madhara kuliko nafuu. Mwaka 2013 Wakala wa Dawa wa Ulaya ulihimiza kwamba wenye ugonjwa wa moyo na waliowahi kupata kiharusi wasiitumie. Haimfai mjamzito, hususan katika miezi mitatu ya mwisho, wala mwenye pumu inayochochewa na aspirini, wala mwenye homa inayoshukiwa kuwa dengi, ambayo iliikumba Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019, kwa kuwa dengi hupunguza chembe sahani, yaani chembe zinazosaidia damu kuganda.

Atakayetilia shaka habari ya figo na awatazame tumbusi wa Bara Hindi, waliokufa kwa mamilioni baada ya kula mizoga ya ng'ombe waliotibiwa kwa dawa hii, jambo lililothibitishwa na watafiti nchini Pakistani mwaka 2004 na kuzifanya India, Pakistani na Nepali kuipiga marufuku kwa mifugo mwaka 2006. Ndege hao hawakusoma kikaratasi, na hapo ndipo wanapolingana na wateja wengi.

Inahitimishwa, basi, kwamba mtu mzima hapaswi kuzidisha miligramu 150 kwa siku, kwamba kipimo bora ni kile kidogo kinachotosha kwa siku chache zinazotosha, na kwamba mfamasia aambiwe maradhi na dawa nyingine zote kabla mkasi haujafanya kazi. Anayetapika damu au kupata choo cheusi kama lami asipoteze muda kumtafuta bingwa huyu, aende hospitali mara moja. Bingwa anayo taaluma yote, lakini damu ya kuongezewa wanayo wao.