Seva ya Nyumbani: Mwongozo kwa Mwenye Kiherehere

Seva ya kwanza usiitafute dukani, itafute kabatini. Ile laptopu ya zamani yenye kioo kilichopasuka, iliyokosa mnunuzi, inatosha kabisa. Betri yake ikibaki na uhai wa dakika chache tu, umeme ukikatika utapata muda wa kuizima salama. Laptopu ya wati 15 ikiwaka usiku na mchana hula uniti kama 11 kwa mwezi. Kompyuta ya mezani ya wati 60 itakula 43, na anayenunua umeme nyumbani atataka maelezo.

1. Weka Debian. Mradi huu umekuwepo tangu 1993 na haumilikiwi na kampuni yoyote. Marafiki watakutajia mifumo kumi inayong'aa zaidi. Washukuru, kisha weka Debian. Wakati wa kuisimika, chagua SSH ya kuingilia kwa mbali na uache mapambo yote ya skrini. Kwenye faili la logind.conf andika HandleLidSwitch=ignore, la sivyo ukifunika laptopu tu, seva inalala. Iunganishe na ruta kwa kebo.

2. Punguza tamaa. Wenye kiherehere huweka programu ishirini siku ya kwanza na kuzisahau kumi na nane. Anza na mbili. Jellyfin itawaonyesha watoto katuni ileile kila siku bila kugusa bando, kwa kuwa video inatoka kwenye seva na kuishia kwenye televisheni ya hapohapo ndani. Nextcloud itatunza picha na nyaraka za familia. Ya tatu isubiri hizi mbili zizoeleke.

3. Usiiachie dunia porti 22 ya SSH. Ukiifungua kwenye ruta, roboti zitaanza kujaribu nywila muda si mrefu, zikianza na jina la "root". Ukiwa safarini, ingia kwa VPN ya WireGuard, ambayo tangu 2020 imo ndani ya kiini cha Linux. Kama mtoa huduma wako hakupi anwani ya IP ya peke yako, kama ilivyo kwa intaneti nyingi za simu, Tailscale itakuvusha.

4. Chelezo, chelezo, chelezo. Diski mbili zinazonakiliana ndani ya mashine moja si chelezo: ukifuta picha ya harusi kwenye moja, imefutika kwenye zote mbili. Kuwa na nakala tatu, kwenye vyombo viwili tofauti, moja ikae nje ya nyumba. Diski ya kwa shangazi inafaa sana, maana programu ya chelezo ya restic husimba kila kitu kwa nywila na shangazi hatachungulia chochote. Kila mwezi rudisha faili moja, ulifungue, ulitazame kwa macho yako.

5. Tunza, usichokonoe. Washa unattended-upgrades ili marekebisho ya usalama yajiweke yenyewe. Kila wiki andika df -h uone diski imejaa kiasi gani. Na Jumamosi usiku, familia ikiwa katikati ya filamu, ondoa mikono kwenye kibodi! Nywila na namna ya kuiwasha seva ziandike kwenye daftari, na mwenzako wa nyumbani ajue lilipo.

Kumbukumbu za familia zikikaa nyumbani, hakuna kampuni itakayokufungia akaunti ukazipoteza. Lakini dhamana yote imekuwa yako. Kwa hiyo nunua kwanza diski ya chelezo, ndipo upakue Debian.