Muulize Shangazi wa Biryogo, Kigali

Shangazi, shikamoo.
Usiku silali kwa mawazo ya uvumbuzi. La sasa ni helmeti ya abiria wa pikipiki inayojiosha yenyewe: ina tangi la maji, pampu, feni na sola. Ukipanda kwa motari, dereva wa pikipiki za abiria, pale Nyabugogo unavishwa jasho la wote waliokutangulia. Dawa ninayo, ila bisibisi sijui inashikwaje. Nifanyeje?
Kichwa Moto, Kimisagara

Marahaba, mwanangu.
Tangi, pampu, feni na sola, vyote juu ya utosi! Abiria wako atafika Kacyiru msafi, ila shingo itabaki Nyabugogo.
Unachotaka ni kichwa kisiguse jasho la mwingine, na hilo halihitaji pampu. Nunua kitambaa cha pamba, mwone fundi cherehani Nyamirambo, akushonee bitana ya helmeti, ya kuvua na kufua. Ya kwanza itabana masikio, ya pili itaangukia machoni. Ikikaa sawa, mpe motari chache azitumie wiki moja, kisha muulize ngapi zimerudi na nani amezifua. Hapo utajua kwamba kushona ndiyo ilikuwa kazi nyepesi.

Shangazi,
Nimebuni mashine ya kumenya ndizi mbichi, wake zetu waepukane na utomvu. Naogopa fundi ataniibia, kwa hiyo nilikwenda kwenye karakana za Gakiriro ya Gisozi nikaagiza kipande kimoja tu, bila kusema ni cha nini. Amenichomelea kitu kama mguu wa kitanda.
Msiri, Gisozi

Msiri,
Fundi hana kosa. Kutwa nzima anachomelea vitanda. Umempa chuma na kimya, naye kakupa alichozoea.
Kama unaogopa kuibiwa, kinga ni hataza, ila haitolewi kwa ndoto. Ukienda kuiomba Bodi ya Maendeleo ya Rwanda (RDB), lazima ueleze uvumbuzi wako mpaka mtu wa fani hiyo akisoma aweze kuutengeneza. Ukishaufichua hivyo na ukakubaliwa, ndipo sheria inapokulinda hadi miaka 20. Sasa wewe utawaandikia nini, nawe hujui hata kama chuma hicho kinazunguka?
Andikianeni mkataba wa kutunza siri, fundi asaini. Kisha acha mchoro nyumbani, mpelekee chane ya ndizi na kisu, amenye mwenyewe mpaka vidole vishikane kwa utomvu. Huenda akakwambia jambo ambalo mchoro wako haukulisema: ndizi imepinda, mashine yako imenyooka. Na mara nyingine uwaachie wake zenu waseme wenyewe kinachowasumbua. Pengine ni mkungu kuubeba kutoka sokoni.

Shangazi,
Mume wangu anasema yeye ni mvumbuzi. Amefungua redio, amefungua pasi, hakuna alichofunga. Jana nimemkuta anaikodolea macho friji.
Mama Friji, Nyamirambo

Mwanangu,
Usimcheke. Kufungua ni nusu ya ufundi, na amejifunza bure. Nusu ya pili aifuate kwenye karakana ya Fab Lab, ile iliyofunguliwa Kacyiru mwaka 2016: kuna printa za 3D, mashine za kukata kwa leza, na watu wa kumshika mkono. Akaombe kuelekezwa, si kuhutubia.
Nawe weka sharti moja. Friji haiguswi mpaka kanzu yake ya Ijumaa inyooshwe kwa pasi ile ile aliyoifumua.