Waraka kwa Wakubwa wa Idhaa za Kiswahili Zinazotangaza Kutoka Ng'ambo

Goma, kartiye Mapendo

Waheshimiwa wakurugenzi na wahariri,

Nawaandikia nyinyi mlioko London, Bonn na Nairobi, pamoja na nyinyi mliokuwa Washington, kwa heshima zote mnazostahili. Nina neno moja tu, nalo nimelibeba muda mrefu: mnatuzungumzia kana kwamba hatusikii. Waheshimiwa, tunasikia.

Jioni, mlango wa pili kutoka kwangu, jirani anayechaji simu za watu huiweka redio yake juu ya meza. Antena ilishavunjika, kwa hiyo amefunga waya wa shaba hadi kwenye bati. Kambisti, mbadilisha fedha, hufunga kimeza chake akaja, motari huzima pikipiki, mama anayerudi kutoka mpakani Petite Barrière hutua beseni lake. Redio za ng'ambo ya mpaka hapa zinaingia safi, maana Gisenyi ya Rwanda ni mwendo wa miguu. Za kwetu pia tunazipata, na Radio Okapi ipo tangu Februari 2002. Lakini mtu wa Mapendo haamini sauti moja. Husikiliza wanavyosema Kigali, husikiliza wanavyosema Kinshasa, kisha huwangoja nyinyi apime. Heshima hiyo hatuwapi bure. Mmeifanyia kazi.

Shukrani kwanza, basi. BBC ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1957, Sauti ya Amerika 1962, Deutsche Welle 1963, na RFI 2010. Baba zetu walizeeka na sauti zenu. Mwaka 1994, mamia ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda walipovuka kuingia hapa Goma, BBC ilianzisha Gahuzamiryango, kwa Kinyarwanda na Kirundi, ili ndugu waliopotezana watafutane kwa redio. Nakitaja kipindi hicho kwa sababu kilifanya kile ninachowaomba leo: kilimsemesha mkimbizi mwenyewe. Hakikumweleza kwa watu wengine tu jinsi anavyoteseka.

Thamani yenu hata watawala wetu waliijua. Julai 2009 serikali ya Kongo ilizima mawimbi ya FM ya RFI nchi nzima, ikikasirishwa na habari zake juu ya jeshi. Yalirudi Oktoba 2010. Hakuna anayejisumbua kuzima redio isiyosikilizwa.

Sasa niruhusuni nifike kwenye kilio changu.

Tarehe 22 Mei 2021, Jumamosi jioni, volkano ya Nyiragongo ililipuka. Alfajiri ya tarehe 27, gavana wa kijeshi, jenerali Constant Ndima, aliamuru watu wa kartiye 10 kati ya 18 za mji wahame, kwa hofu kwamba moto ungeweza kutokea chini ya ardhi au chini ya ziwa. Mapendo ilikuwamo. Asubuhi ile nilifungua idhaa moja ya ng'ambo, ambayo sitaitaja. Nilielezwa vizuri kabisa kwamba wakazi wa Goma wanakimbia. Nilielezwa historia ya mlima, na mtaalamu akahojiwa. Majina ya zile kartiye 10 hayakusomwa. Kuyasoma yote hakuchukui hata nusu dakika. Kwa msikilizaji wa Mombasa ile ilikuwa habari kamili. Kwangu mimi, mwenye watoto mlangoni na godoro kichwani, haikuwa habari bado.

Ikaja Januari 2025. Mapigano yalikata umeme, maji yakakatika, na waasi wa M23 walipoingia mjini tarehe 27 intaneti nayo ilikuwa imezimika. Siku zile simu ya mkononi ilikuwa tochi, na redio ya betri ndiyo ilikuwa dunia yetu. Mabomu yalianguka huku, mengine yakaua watu Gisenyi. Tulikuwa tumelala chini, tukiwasikiliza kwa sauti ndogo. Tulichotaka kujua ni kama mpaka uko wazi, majeruhi apelekwe hospitali ya Ndosho au ya Kyeshero, na maji ya ziwa yanayotekwa na kila mtu yatibiwe vipi kabla ya kunywewa. Tulichopata zaidi ni tamko la Kinshasa, jibu la Kigali na kikao cha New York. Matamko hayo yana nafasi yake, na ukweli wa nani anampa nani silaha lazima usemwe bila woga. Lakini katika nusu saa ya matangazo, dakika 2 za kumsaidia aliye chini ya kitanda zisingeipunguzia idhaa heshima yake. Zingemfaa mtu.

Kuna jambo dogo pia, nalo linauma kwa udogo wake. Kila siku mnatutajia saa za Afrika Mashariki. Nchi yetu iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini Goma iko nyuma ya Nairobi kwa saa moja. Sentensi moja tu, "na kwa walioko Goma na Bukavu ni saa fulani", ingetuonyesha kwamba mnajua tuko upande wa pili wa redio.

Naomba pia nimtaje mwandishi wenu wa hapa mjini, bila jina, kwa usalama wake. Yeye ndiye anayekwenda Sake au Kibumba ili sauti yenu iwe na habari. Tangu Januari 2025 wengi wa kazi yake wamehama au wamenyamaza. Mnapofunga ripoti kwa jina lake, jiulizeni kama mmemlinda kwa kadiri mnavyomtumia.

Kwenu mliokuwa Washington sina lawama, nina huzuni. Tarehe 14 Machi 2025 rais wa Marekani alitia saini amri ya kulibana shirika linalosimamia Sauti ya Amerika. Kesho yake wafanyakazi zaidi ya 1,300 wakapewa likizo ya lazima, na Kiswahili kikanyamaza pamoja na lugha nyingine. Alfajiri, Jioni, Kwa Undani: vipindi vya kila siku, na hatukupewa hata kwaheri. Jirani yangu alidhani waya wake umelegea, akapanda juu ya bati kuukaza. Najua watangazaji hawakuulizwa. Lakini wakubwa wa idhaa zilizobaki nawauliza: siku bajeti itakapowafikia nyinyi, mtatuambia mapema, hewani, kwa Kiswahili? Au nasi tutaambiwa na ukimya? Miaka 60 ya usikivu ni deni, hata kama hatujawahi kuwalipa kwa fedha.

Kwa hiyo naomba haya. Tukipatwa na balaa, tajeni kartiye, barabara na saa kabla ya matamko. Bunduki zikinyamaza, njooni vilevile: muulizeni mama wa Petite Barrière anauzaje nyanya tangu benki zetu zilipofungwa, na mwalimu amelipwa na nani. Mwisho, tengeni hata robo saa kwa wiki ya kuwajibu wasikilizaji wa Kivu, muda wa kujibu maswali yetu na si wa kusoma salamu tu.

Sitazima redio mkikataa, wala sitawatishia kwa hilo, kwa sababu bado nawahitaji. Ndiyo maana nimewaandikia. Jibuni hewani, kwenye taarifa ya jioni. Hatuna haja ya barua.

Wenu kwa heshima,
Msikilizaji wa Mapendo, Goma