Neti, Simu na Korongo wa Mwaloni

Mwaloni, Kirumba, Mwanza, saa nne asubuhi. Dagaa wameanikwa, nzi wako kazini. CHANDARUA kikuukuu kimefunika beseni la furu. SIMU iko mezani, inanyonya pawa benki. Juu ya bati amesimama KORONGO, kipara kinang'aa, mabawa nyuma, kama daktari bingwa anayepitia wodi.

SIMU: Jamani, mmeiona klipu? Bosi wangu kaitazama mpaka bando limekata. Mama wa Uingereza analia, aliwekewa neti mwilini ikamkata ndani kwa ndani. Na bosi ana ngiri! Jumatatu alikuwa alazwe. Kaghairi.

CHANDARUA: Neti? Mimi tena?

SIMU: Wewe na ukoo wako wote.

CHANDARUA: Shikamoo, Mzee Korongo. Naona nashtakiwa, acha niamkie kwanza.

KORONGO: Marahaba.

CHANDARUA: Mimi nililetwa nizuie mbu. Nilipofika nikafungiwa bustani ya mchicha. Nikafunika vifaranga. Nikawa wavu wa goli, timu zote mbili. Nikawa shela la bibi harusi wa kitoto, na bwana harusi akakimbia na mahari, andazi moja. Nikachuja togwa. Nikashushwa ziwani usiku kuvua dagaa, jambo la haramu, na mwaka 2018 Operesheni Sangara ilipokuja kuchoma nyavu, nikalala chini ya godoro, kimya. Leo naambiwa nimo matumboni mwa watu!

KORONGO: Upuuzi wa mitandaoni. Mgonjwa akija kwangu na simu mkononi namwambia aizime. Udaktari hausomwi TikTok.

SIMU: Ndiyo maana yaliwapita! Wale kina mama walisema wanaumia, wakaambiwa ni mawazo. Wakaambiwa ni umri. Mwaka 2015 mwandishi wa habari mmoja, Kath Sansom, naye kawekewa, akafungua kundi lao kwenye Facebook. Wakahesabiana huko, maana hospitalini hakuna aliyewahesabu. Julai 2018 Uingereza ikasimamisha zile za kuzuia mkojo kuvuja. Aprili 2019 Marekani ikawaamuru watengenezaji waache kuuza zile zinazopitishwa ukeni kushikilia viungo vilivyoshuka. Julai 2020, huko huko Uingereza, ikatoka ripoti ya Baroness Cumberlege: wanawake hawakusikilizwa. Nani alitangulia, mzee, mimi au wewe?

KORONGO: Lakini hizo ni za nyonga! Ngiri ya kinena ni habari nyingine kabisa. Pale wavu unawekwa kwenye ukuta wa tumbo, na dunia nzima bado wanautumia. Wapo wanaobaki na maumivu ya muda mrefu, wapo wanaopata maambukizi, sikatai. Ila huwezi kuchanganya...

CHANDARUA: Haya maneno matamu, mzee, mbona unaniambia mimi? Mimi nina ngiri? Mwambie mgonjwa!

KORONGO: Wodini hakuna muda.

CHANDARUA: Muda wa kumwambia "saini hapa" upo.

SIMU: Mwambie huyo!

CHANDARUA: Nawe nyamaza, zamu yako inakuja. Unajua bosi wako anakimbia nini? Madaktari wa hospitali ya Bugando, juu ya kilima pale, walichapisha mwaka 2012 hesabu ya wagonjwa wao 452 wa ngiri ya kinena. Waliotiwa wavu?

SIMU: Mia tatu?

CHANDARUA: Mmoja.

SIMU: Mmoja nini?

CHANDARUA: Mtu mmoja! Wengine walishonwa nyama kwa nyama. Hofu ya neti imefika Mwanza kabla ya neti. Na wengi walikuja wamechelewa, ngiri imeshaharibika. Bila klipu yoyote!

KORONGO: Neti za kiwandani ni ghali.

CHANDARUA: Hapo ndipo ninapoingia mimi, na sioni haya. Kamuli, Uganda, ng'ambo ya ziwa hili hili. Wanaume 302 wenye ngiri. Nusu wakawekewa wavu wa kiwandani wa dola 125, nusu wakawekewa kitambaa cha chandarua, dola moja. Baada ya mwaka, ngiri ilirudi kwa mtu mmoja upande wetu, upande wao hakuna. Matokeo yakatoka mwaka 2016 katika jarida kubwa la madaktari la Marekani. Dola moja, mzee! Sijasikia klipu yake.

SIMU: Haina kilio. Isiyo na kilio haisambai.

CHANDARUA: Na sikilizeni vizuri, kuna watu wabunifu mji huu. Kile kilikuwa kitambaa kisicho na dawa ya mbu, kikasafishwa kwa mvuke, kikawekwa na wapasuaji. Asije mtu akanitoa hapa kwenye furu akanipeleka tumboni kwa shemeji yake!

SIMU: Basi bosi kapata njia rahisi. Chini ya klipu kuna tangazo: "Dawa ya ngiri bila kisu. Inatibu na chango, inarudisha nguvu za kiume, inavuta wateja." Katuma hela, chupa inakuja.

CHANDARUA: Nilijua! Unamtisha kwa kilio cha kweli cha mama wa Uingereza, kisha unamuuzia mzizi. Ngiri ni tundu kwenye ukuta wa tumbo. Tundu halizibwi kwa kunywa! Siku utumbo ukinaswa pale, damu haipiti, unaanza kuoza kwa saa chache. Muuza chupa namba yake itakuwa haipatikani. Na nyie mabingwa mnaojivunia kutosoma mitandao, hamjui mgonjwa kameza nini kabla hajawafikia. Wanawake wa watu waliumia miaka kwa kiburi hicho hicho. Mwambieni mgonjwa anashonwa kwa nyama yake au kwa wavu, wavu gani, hatari yake ipi. Andikeni jina la wavu huo kwenye cheti anachoondoka nacho. Wekeni daftari. Neti ya kitandani inaandikwa kwenye kadi ya kliniki, ya tumboni isiandikwe?

SIMU: Safi! Nimekurekodi. Nimekata pale tu: "Wanawake wa watu waliumia miaka, asema Neti mwenyewe." Watazamaji wanapanda!

CHANDARUA: Na mengine yote?

SIMU: Marefu.

KORONGO: Mimi hiyo klipu sijaiona.

CHANDARUA: Huyu kaikata, wewe hujaiona, na mwenye ngiri anangojea bodaboda imletee chupa. Shuka kwenye bati hilo, mzee, ukamtafute mgonjwa wako. Nawe Simu, ulivyo hodari wa kupiga kelele, mpigie umkumbushe: Jumatatu bado ipo.